Sahani Zilizoimba Adhuhuri

Inspekta Nyevu Ngowa alifika nyumbani kwa Bi Khairiya mlango ukiwa umekwisha kuvunjwa. Konstebo Bramwel alikuwa amesimama barazani, bega lake limejaa unga wa mbao, na mbele yake watu wa mtaa walikuwa wamejipanga kichochoroni, chini ya kivuli cha wikio, lile daraja la mawe lenye paa linalopita juu ya njia na kuziunga nyumba mbili zinazotazamana. Hakuna aliyekuwa akisema kitu. Hilo ndilo lililomshangaza Nyevu kwanza. Katika Mji wa Kale hata kikombe kikianguka jikoni watu hukizungumza mpaka jioni. Hapa mlango mzima ulikuwa umevunjwa, nao wametulia kama watu walio matangani.

"Komeo la chuma lilikuwa limetiwa kwa ndani, Afande," Bramwel alisema. "Na madirisha yote yana nondo."

"Na yeye mwenyewe?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Nimepanda mpaka juu. Nimefungua kila kabati, nimeinama chini ya kila kitanda. Mlango wa kwenda paani una kufuli lililoshika kutu. Msichana wake wa kazi alitoka kwenda Marikiti, akamwacha humu ndani. Aliporudi akabisha, akabisha, kimya. Ndipo akaja kituoni mbio. Ni bora upande ujionee mwenyewe."

Ngazi zilikuwa nyembamba na za kupinda. Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye dari ya boriti nyeusi, na katikati yake meza imeandaliwa kwa watu wawili. Kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Sahani nzito nyeupe zenye ukingo wa dhahabu iliyofifia, vijiko vya fedha, glasi za maji. Kwenye sahani moja palikuwa na miiba ya samaki na nusu ya ndimu iliyokamuliwa. Sahani ya pili ilikuwa safi, lakini kando yake kilikuwako kikombe kidogo cha ajabu, kipana, kimefunikwa nusu, chenye mdomo mwembamba kama wa birika. Ndani yake mlikuwa na uji wa mchele uliopondewa nyama.

Katikati ya meza lilikaa bakuli kubwa la supu lenye masikio mawili na kifuniko. Nyevu alivaa glavu, kisha akauweka mgongo wa mkono wake ubavuni mwa bakuli.

"Bado lina joto," alisema.

Bramwel alikuwa akiutazama ukuta.

Ukuta wote wa upande wa kichochoro ulikuwa umefunikwa kwa sahani. Zilianzia usawa wa magoti zikapanda karibu na boriti, zimepangwa moja kando ya nyingine bila nafasi, za maua ya buluu, za majogoo, za matunda, na katikati safu za sahani za manjano zenye picha za watu. Waya mwembamba ulishika kila moja kwenye msumari wake. Kutoka mlangoni zilionekana kama nyuso nyingi zilizogeuka kwa pamoja kumtazama mtu aliyeingia.

Na walipokuwa wamesimama pale, sahani ziliimba.

Haikuwa sauti kubwa. Moja ilitetema, ting, kisha ya jirani yake ikaitika, kisha nyingine, mpaka mlio mwembamba ukaenea katikati ya ukuta na kufifia. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hakuna upepo uliopita. Na gari haliwezi kuingia katika kichochoro kile.

"Zimefanya hivyo tangu nilipoingia," Bramwel alisema kwa sauti ya chini. "Afande, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini sipendi chumba hiki."

"Huna haja ya kukipenda. Piga picha za meza, usiguse kitu. Kisha niletee huyo msichana."

Msichana aliitwa Joy. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, anaishi Bondeni, na mfuko wa ndimu aliotoka nao sokoni ulikuwa bado mkononi mwake. Nyevu alimketisha jikoni, mbali na zile sahani.

"Bi Khairiya anaishi na nani?"

"Peke yake, Afande. Mumewe alifariki zamani. Hawakupata watoto."

"Na hivi vyombo vyote?"

"Ni vya Kifaransa. Vya zamani sana. Mama yake alitoka Ngazija, akaja na sanduku moja. Vingine amevinunua mwenyewe, watu wakihama, watu wakiuza vitu vya wazee wao." Joy alipangusa pua. "Lakini si vya kuweka tu. Tunakula ndani yake kila siku. Siku ya kwanza nilitaka kula kwenye sahani yangu ya plastiki, akaichukua akaitupa. Akasema nyumbani kwake hakuna anayekula kwenye plastiki. Mimi ndiye ninayeviosha. Kimoja kimoja, kwenye beseni lenye kitambaa chini, maji ya vuguvugu. Vyenye dhahabu havisuguliwi."

"Leo aliandaa meza ya watu wawili. Mgeni ni nani?"

Joy aliupakata mfuko wa ndimu.

"Mgeni ni nani, Joy?"

"Sijui. Sijawahi kumwona." Aliutazama mlango, kama anayehofia kusikiwa. "Ilianza baada ya Ramadhani. Zile sahani za ukutani zikawa zinalia zenyewe. Bi Khairiya aliogopa kuliko mimi. Akafukiza ubani, akasoma Yasini. Halafu siku moja nikaja nikamkuta haogopi tena. Tangu siku hiyo, kila ikifika adhuhuri ananituma Marikiti. Nenda kalete ndimu, nenda kalete kotmiri. Nimenunua ndimu mpaka zimeoza kwenye kapu. Nikitoka, naye anatia komeo. Nikirudi nakuta vyombo vya watu wawili."

"Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza. Akaniambia, ni mtu asiyetakiwa kuonekana." Joy aliuweka mfuko wa ndimu sakafuni. "Juzi nilisahau pochi nikarudi kuichukua. Mlango ulikuwa umefungwa, nikasimama barazani. Dirisha la juu lilikuwa wazi kidogo. Nikamsikia anasema, kunywa polepole, usilie. Lakini sikusikia mtu akilia. Sikusikia sauti nyingine kabisa."

"Na kile kikombe chenye mdomo?"

"Hicho nacho kilitokea wakati huohuo. Alikitoa chini kabisa ya sanduku. Nilidhani ni cha dawa."

Nyevu alisimama. Hakuwa mtu wa kuamini majini, ingawa alikulia Kaloleni miongoni mwa watu walioyaamini sana. Alichoamini ni kwamba uji haujipiki wenyewe, na kwamba mwanamke mzima hawezi kutoka kwenye nyumba iliyotiwa komeo kwa ndani. Basi kimojawapo kati ya alivyoviona kilikuwa cha uongo, na kazi yake ilikuwa kukijua ni kipi.

Barazani alimkuta bwana mmoja amesimama akimngoja, ametanguliza kahawa kwenye sinia. Alikuwa amevaa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, ananukia udi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuheshimiwa.

"Assalamu alaykum, Inspekta. Mimi ni Abdulghafur, jirani wa hapo mbele. Bi Khairiya kwangu ni kama mama. Nilipoona polisi moyo ulinishuka."

"Alaykum salaam, Bwana Abdulghafur. Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Jana jioni, dirishani. Tulisalimiana." Alimmiminia kahawa. "Nisikufiche. Akili zake hazikuwa sawa siku hizi. Yeye na marehemu shangazi yangu, Bi Ummukulthum, walikuwa pamoja tangu chuoni, wakisoma juzuu moja. Shangazi alipopooza mwili nilimpeleka Maskati kwa matibabu, na Mwenyezi Mungu akamchukua hukohuko. Khitma yake tuliisoma hapa nyumbani, mtaa mzima ulikuja. Tangu hapo Bi Khairiya hakuwa yuleyule. Alinijia akaniambia uso kwa uso kwamba shangazi yangu anamgongea ukutani."

"Wewe ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimwombea." Akashusha sauti. "Kama mimi ningekuwa wewe, ningemtafuta Morgan, yule mwenye duka la vitu vya kale karibu na Ngome. Amekuwa akimwandama awauzie hizo sahani, yeye na wateja wake. Na Bi Khairiya hataki. Mara ya mwisho walirushiana maneno hapa hapa barazani."

Nyevu aliinua macho. Juu ya vichwa vyao wikio lilikuwa limekaa gizani, mawe yake yameota kuvu. "Hili wikio laingia nyumba zote mbili?"

"Zamani. Baba yangu aliliziba mimi bado mtoto. Mawe upande wetu, mawe upande wao. Sasa ni la popo tu."

"Naweza kuliona kwako?"

"Karibu sana. Ila leo fundi wangu amemwaga saruji ngazini, hamtapita. Kesho, inshallah, nyumba ni yenu."

Alisema kwa upole, mkono kifuani. Nyevu alimshukuru kwa kahawa. Alipokuwa akikirudisha kikombe aliuona upindo wa kanzu yake. Kanzu yote ilikuwa safi kama ya Ijumaa, lakini chini kabisa, upande wa nyuma asikoweza kuona mwenyewe, kulikuwa na mstari wa chokaa mbichi.

Mtu mwenye fundi huweza kuchafuka chokaa. Hilo halikuwa kosa.

Morgan alikuja mwenyewe baada ya kupigiwa simu, mtu mkubwa wa mwili, anahema. Alisema tangu asubuhi alikuwa Makupa akingoja lori lililomletea makabati kutoka bara, na Bramwel alipompigia dereva wa lori, dereva akasema ni kweli, na kwamba mzee huyo alimsumbua mno kuhusu vioo.

"Mligombana na Bi Khairiya," Nyevu alisema.

"Tuligombana kila mwezi. Halafu ananipa chakula." Morgan alijifuta jasho. "Mimi nawauzia watu wanaoweka vyombo kabatini na kufunga kwa ufunguo. Yeye alikuwa na bakuli la supu ambalo watu wa makumbusho wangelilinda kwa kioo, naye anatia ndani mchuzi wa pweza. Nikimwambia, Bi Khairiya, kitavunjika, ananiambia, na mimi nitavunjika. Sikuweza kumshinda. Yuko wapi?"

"Ndilo nitakalo kujua. Panda na mimi juu."

Morgan aliingia chumbani kama mtu anayeingia nyumba ya ibada. Aliitazama meza kwanza, na uso wake ukabadilika.

"Nani anaumwa?"

"Kwa nini wauliza?"

"Hicho kikombe." Alikielekeza kwa kidole bila kukigusa. "Ni cha mgonjwa. Wafaransa walikuwa nacho kila nyumba, zama hizo. Mgonjwa amelala chali, hawezi kuinuka, unamtia huo mdomo kati ya midomo na uji unateremka bila kumwagika. Mtu mzima wa afya hawezi kukitumia. Kitamchekesha."

Nyevu alikitazama kile kikombe, uji umeanza kugandia ukingoni. Mtu asiyetakiwa kuonekana. Kunywa polepole, usilie.

"Na huu ukuta?" aliuliza.

Morgan aligeuka. Alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakatika. Akasogea karibu na zile sahani za manjano za katikati.

"Nani amezigusa hizi?"

"Eleza."

"Hizi ni sahani za hadithi. Walizitia picha ili wageni wakimaliza chakula wasome na kucheka. Kila moja ina nambari yake hapa chini, unaona? Ni kisa cha bwana mmoja mwenye kofia ndefu aliyealikwa karamu. Anavaa, anatoka, mvua inamnyeshea, anaingia nyumba siyo, analewa, mwisho anabebwa na watu wanne kurudishwa kwao. Bi Khairiya alizipanga kwa nambari. Ungeikosea moja asingelala." Kidole chake kilipita hewani, kutoka picha hadi picha. "Safu za juu ziko sawa. Hizi za upande huu zimevurugwa. Tazama, anabebwa kabla hajafika karamuni. Na hapa pana msumari mtupu. Moja haipo."

Nyevu alirudi nyuma hatua kadhaa, akautazama ukuta wote kwa pamoja. Sahani zilizovurugika hazikuwa huku na huku. Zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, na mahali pale palikuwa na umbo. Kimo cha mtu. Upana wa mabega ya mtu.

Alipiga magoti. Sakafuni, chini kabisa ya sahani zile, palikuwa na tone moja la uji, na nusu ya tone hilo ilikuwa imekatwa na ukuta, kana kwamba lilidondokea mahali ambapo wakati ule hapakuwa na ukuta.

"Bramwel," aliita bila kuinuka. "Ulisema sahani ziliimba tangu ulipoingia. Zimeimba tena?"

Bramwel alifikiri. "Hapana, Afande. Ziliimba ulipofika, halafu basi."

"Na Abdulghafur alishuka barazani lini?"

"Wakati huo. Ulipokuwa jikoni na Joy nilichungulia dirishani, nikamwona anatoka kwake na sinia."

Aliposhuka yeye, sahani zilinyamaza. Nyevu aliyasikia maneno hayo kichwani mwake kama mtu mwingine amemsomea. Alinyosha mkono, akagonga kwa kifundo cha kidole ukuta wa kulia, katikati ya sahani mbili. Jiwe. Akagonga wa kushoto. Jiwe. Akagonga pale katikati.

Mbao.

Sahani zilitetema, ting, ting, kisha zikatulia.

Kisha kutoka upande wa pili mtu aligonga.

Ilikuwa dhaifu na ya chini sana, karibu na sakafu, na sahani ya bwana mwenye kofia ndefu iliitika peke yake. Bramwel alifanya ishara ya msalaba. Morgan aliketi kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo.

"Bramwel, vuka kichochoro," Nyevu alisema. "Simama na Abdulghafur barazani kwake. Mwambie chochote, mwombe kahawa nyingine. Asipande kwake. Akijaribu, mtie pingu."

Bramwel alishuka ngazi mbio. Nyevu alianza kung'oa sahani, na Morgan, bila kuombwa, akainuka akawa anazipokea na kuziweka juu ya kochi. Nyuma ya sahani walikuta mlango wa mbao uliopakwa chokaa rangi moja na ukuta. Misumari ya sahani ilikuwa imepigiliwa kwenye mlango wenyewe. Kila ulipofunguliwa au kutikiswa, sahani zililia. Ulikuwa umezuiwa kwa upande wa pili.

"Jitenge na mlango, Bi Khairiya, kama wanisikia," Nyevu alisema kwa sauti kubwa. Kisha yeye na Morgan wakaupiga kwa mabega, mara moja, na mara nyingine, na gogo lililokuwa nyuma likavunjika.

Harufu ya chokaa mbichi na kinyesi cha popo iliwapiga usoni. Lilikuwa wikio, giza, dari imeshuka, na mwangaza mdogo ukiingia kwa matundu ya ukutani. Miguuni mwao, amelala ubavu, mikono imefungwa nyuma kwa kamba na mdomo umezibwa kwa mtandio wake mwenyewe, alikuwako Bi Khairiya. Alikuwa amegonga mlango kwa kisigino. Damu ilikuwa imemkaukia juu ya sikio, na karibu naye vipande vya sahani ya manjano.

Mbele yake, mwisho wa wikio, ukuta ulikuwa ukijengwa. Mawe yalikuwa yamefika usawa wa kifua. Ndoo ya chokaa ilikuwa imewekwa upande wa pili, mwiko umesimama ndani yake, na chokaa ilikuwa bado inang'aa kwa maji.

Nyevu alielewa kilichokuwa kikifanyika pale, hata alipokuwa akifungua fundo la mtandio. Polisi wangekuja kesho, wakaribishwe kwa kahawa, waonyeshwe ukuta wa mawe ambao baba mtu aliujenga zamani.

Alipoutoa mtandio, Bi Khairiya alikohoa, akavuta pumzi, akasema maneno yake ya kwanza.

"Mwendeeni yeye. Hajashiba."

"Nani, mama?"

"Nilimpa kikombe kimoja tu. Nilirudi kumtilia cha pili, yule Abdulghafur akanijia kwa nyuma. Sahani za mlangoni zikaanguka, akazitundika ovyo kabla ya kuufunga." Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini haikuwa ya mtu aliyepoteza akili. "Wote walisema nina wazimu. Nami nilimsikia kwanza nikadhani ni jini. Siku nilipoufungua mlango huu nikamkuta. Akaniapisha nisimwambie mtu mpaka aweze kukaa na kusema, maana tungesema nani angetuamini, yeye amekwisha kusomewa khitma."

Nyevu alimwacha na Morgan, akapanda juu ya ule ukuta mbichi, akaangukia upande wa pili.

Kilikuwa chumba kidogo, dirisha limepigiliwa mbao. Kitanda cha kamba, mtungi wa maji, bakuli la mkate mkavu. Mwanamke mzee alikuwa amelala chali, mwembamba kiasi kwamba shuka haikuinuka sana juu yake. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Upande wa pili ulikuwa macho kabisa, na jicho lilimfuata Nyevu tangu alipotua.

Nyevu alipiga magoti. "Shikamoo, mama. Mimi ni polisi. Wewe ni nani?"

Midomo ilihangaika. Maneno yalikuja moja moja, kila moja limebebwa kama mzigo.

"Ummukulthum."

"Nani amekuweka hapa?"

"Mtoto wa ndugu yangu." Alipumzika. "Hakunipiga. Huleta maji. Siku nyingine husahau."

"Alisema umefia Maskati."

Kitu kama cheko kilipita upande ule wa uso uliokuwa hai.

"Niliisikia khitma yangu," alisema. "Walisoma hapa chini, nami niko juu. Nilijaribu kuita, sauti haikutoka. Walisoma vizuri. Nikaitikia amina pamoja nao."

Nyevu alikuwa amefanya kazi ya upelelezi kwa miaka mingi, na amekwisha kuona maiti za kila namna. Hakuna aliyemwambia maneno kama yale. Aliushika mkono wa yule mama, ule uliokuwa na nguvu kidogo, vifundo vyake vimechubuka kwa kugonga mawe usiku na mchana, akaukalisha ndani ya wake mpaka Joy alipofika na kikombe.

Barazani kwake Abdulghafur alikuwa ameketi wima, pingu mikononi, kanzu yake bado nzuri. Hakutaka kumtazama Nyevu.

"Sikumwua," alisema.

"Ulimfanyia nini?"

"Sikumfanyia kitu. Daktari alisema hatamaliza mwezi. Nilitangulia kusema tu. Nyumba ikaandikwa jina langu, nikawa namngoja." Alisema kama mtu anayelalamikia kucheleweshwa. "Ni yeye aliyekataa."

"Na Bi Khairiya? Yeye naye ulikuwa ukimngoja?"

Nyevu hakumngoja ajibu. Mengine angeyajibu kituoni, mbele ya wakili.

Gari la wagonjwa halikuweza kuingia kichochoroni. Bramwel na Morgan walimketisha Bi Ummukulthum kwenye kiti cha mikono, wakamfunga kwa shuka asianguke, wakamteremsha kwa ngazi za nyumba yake mwenyewe taratibu, na Bi Khairiya nyuma yao, kichwa kimefungwa kitambaa, amekataa kubebwa. Saruji aliyoitaja Abdulghafur haikuwako ngazini. Hapakuwa na fundi.

Walipotokea mlangoni watu wote wa mtaa walikuwa pale. Waliposikia mlango ukivunjwa walikuwa wamesogea. Sasa walirudi nyuma, mpaka migongo ikagusa kuta. Miongoni mwao walikuwamo waliosoma juzuu katika khitma ile, na waliokula wali wake, na wanawake waliolia. Mzee mmoja alikuwa amefumba macho. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto alimfunika mtoto uso kwa ncha ya buibui.

Wabebaji walisimama, maana hata hivyo kichochoro chembamba kilikuwa kimejaa na hakuna aliyejitenga kuwapisha.

Bi Ummukulthum aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa jicho lake moja. Nyevu alikuwa karibu naye, akaona kifua chake kinavyojikusanya kutafuta pumzi.

"Assalamu alaykum," alisema.

Hakuna aliyejibu. Neno lile, ambalo hakuna mtu katika mtaa ule aliyewahi kuliacha bila kulijibu, lilibaki hewani kati ya kuta mbili. Bramwel alibadilisha mkono. Kiti kilitoa mlio.

Kisha kutoka dirisha la juu, nyuma ya mbao za kuchungulia, sauti ya mwanamke asiyeonekana ilijibu kwa kutetema, neno kwa neno, kama anayelijifunza upya. "Wa alaykum salaam, Ummukulthum." Na watu wakaanza kujisogeza, polepole, kupisha njia.